Fedha Isiyo na Saini: Kwa Nini Serikali Huionea Shaka



Muhula uliopita sisi wa Kidato cha Nne tulifanya mdahalo katika bwalo la chakula. Hoja ilikuwa hii: "Serikali iwaruhusu watu watumie sarafu za mtandao kama watumiavyo shilingi." Mimi niliwekwa upande wa kupinga. Tulishinda kwa kura chache, lakini nilipopanda kitandani usiku ule sikuona fahari yoyote. Tulishinda kwa sababu msemaji wetu wa mwisho aliwachekesha watu. Wenzetu walisema kwamba Serikali ni mwoga wa mambo mapya. Sisi tulijibu kwamba fedha hizo ni za wezi. Wala hapana mtu, wa upande huu wala ule, aliyeeleza barabara sababu yenyewe. Kwa hiyo wakati wa likizo niliwauliza wakubwa, nikasoma magazeti na matangazo ya Serikali, na haya ndiyo niliyoyaokota.

Ninayo sababu nyingine ya kuandika, nayo ni ya nyumbani. Kaka yangu amenipa ruhusa kuisimulia, maadamu nisitaje jina lake.

Kaka ni mchimbaji mdogo katika mkoa wa Geita. Hana leseni yake mwenyewe. Hufanya kazi katika duara la mtu mwingine, na malipo yake ni mgawo wa mifuko ya mawe. Mawe hayo huyapeleka kwenye karasha yakasagwa, kisha huyaosha na kupata chembe zake za dhahabu. Miezi mingi hupata cha kununulia chakula tu. Lakini mwaka 2023 duara lilikubali, naye akapata shilingi milioni mbili na laki nane kwa mara moja. Baba alikuwa amekwisha kumwomba asaidie ada ya dada yetu, aliyepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na kaka alikuwa amekubali.

Kabla hajatuma fedha hizo, mwenzake mmoja wa kambini alimwonyesha katika simu sarafu ya mtandao ambayo, kwa maneno yake, "huzaa hata ukilala." Kaka akaweka fedha zote, akidhani atazitoa baada ya mwezi mmoja zikiwa zimezidi. Wiki ya kwanza tarakimu zilipanda. Akampigia mama simu na kumwambia kwa furaha, "Mama, hela ya Dada imetaga." Wiki ya tatu ile programu haikufunguka tena, na mtu aliyezipokea fedha hakupatikana kwa simu wala kwa ujumbe.

Kaka alikwenda polisi. Askari aliyempokea alimsikiliza kwa upole, kisha akamwuliza maswali matatu: "Ulimpa nani? Ofisi yake iko wapi? Leseni yake ameipata kwa nani?" Kaka hakuweza kujibu hata moja. Mwaka ule dada hakwenda chuoni. Alibaki nyumbani Shinyanga akipalilia pamba pamoja na mama. Mama hakumgombeza kaka; alisema tu, "Mwanangu, heri ungenunua ng'ombe. Ng'ombe hata akifa, tungekula nyama."

Nawaomba wasomaji myakumbuke maswali yale matatu ya askari. Baada ya kusoma kwangu nimeona kwamba hayo ndiyo maswali ya serikali nyingi duniani.

Lakini yapasa kusema haki. Aliyemwibia kaka si sarafu ya mtandao. Ni tapeli aliyejificha nyuma yake. Matapeli walikuwapo zamani kabla ya sarafu hizi. Wazazi wetu waikumbuka DECI, iliyowaambia watu "wapande mbegu" ya fedha na "kuvuna" nyingi zaidi, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Ile ilitumia shilingi za kawaida. Kwa hiyo tusiilaumu sarafu kabla hatujaijua. Natuanze kwa kueleza ni kitu gani.

Sarafu ya kwanza ya namna hii iliyoenea ni Bitcoin. Maelezo yake yalitolewa tarehe 31 Oktoba 2008 na mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, na mpaka leo haijathibitika ni nani hasa. Ilianza kutumika Januari 2009. Jambo geni katika sarafu hiyo ni daftari lake.

Fikirini bweni letu lenye vijana 40, na tuseme kwamba hatuna fedha, bali hukopeshana sabuni na sukari. Madeni hayo yataandikwa wapi? Njia ya kwanza ni kumpa kiranja mmoja daftari. Hiyo ndiyo njia ya benki. Ni nyepesi, lakini sharti tumwamini kiranja, maana aweza kufuta deni la rafiki yake, na daftari likiungua sote tumekwisha. Njia ya pili ni kila kijana awe na daftari lake, na kila usiku madeni yote yatangazwe kwa sauti, watu wote 40 waandike maneno yale yale. Atakayetaka kudanganya hatatoshwa na kubadilisha daftari lake mwenyewe, kwani wengine wataonyesha yao na uongo utajulikana mara moja. Tena kila ukurasa mpya hubeba alama ya ukurasa uliotangulia, hata haiwezekani kuchomoa ukurasa wa katikati bila watu kujua. Hiyo ndiyo inayoitwa blokucheni, nayo hukaa katika kompyuta nyingi mno zilizotawanyika duniani.

Wenye kompyuta hizo hushindana kukisia tarakimu fulani iliyo ngumu kupatikana, na ashindaye huandika ukurasa mpya na kupewa sarafu mpya kuwa ujira wake. Nao huitwa wachimbaji, ingawa hawajui sururu wala vumbi la karasha. Kanuni ya Bitcoin yasema kwamba sarafu zote hazitazidi milioni 21.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi fedha hii inalo daftari, tena gumu kughushi. Kwa upande huo hatuwezi kuilaumu, na wale waliotupinga katika mdahalo walisema kweli. Kilichokosekana ni kitu kingine. Ni bweni lenye madaftari 40 lakini halina kiranja. Siku sukari ikiibwa, au kijana akisahau ufunguo wa sanduku lake, hapana wa kumwendea.

Sasa chukueni noti ya shilingi. Chini yake mtaona saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana wa Benki Kuu. Mimi nimeshika noti tangu utoto na sikuwahi kuzitazama. Saini zile ndizo jibu la askari. "Ulimpa nani?" Hawa hapa. "Ofisi yake iko wapi?" Inajulikana. "Leseni ameipata kwa nani?" Kwa Bunge. Noti ni karatasi tu, lakini ni karatasi yenye ahadi, na mwenye kuahidi anajulikana.

Nchi yetu haikuzipata saini hizo tangu mwanzo. Kwa miaka mingi Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na makao yake yakawa London. Bunge lilipitisha sheria ya Benki Kuu mwaka 1965, na tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, nasi tukawa na shilingi yetu. Taifa lilikuwa changa na mahitaji yalikuwa mengi, walakini viongozi waliona kwamba nchi isiyoamua mambo ya fedha yake haijajitawala kamili. Tukilikumbuka hilo tutafahamu kwa nini Serikali haifurahi ikisikia kwamba watu waweza kutumia fedha isiyotoka kwake. Kwa Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006, Benki hiyo peke yake ndiyo yenye haki ya kutoa noti na sarafu halali nchini.

Nitazitaja sasa sababu za shaka, moja baada ya moja.

Sababu ya kwanza ni ile ya kukosa mdhamini. Mtu akiweka akiba katika benki iliyo na leseni, na benki hiyo ikafilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa fidia mpaka shilingi 7,500,000. Fedha ya mama mwuza mchele haipotei yote. Lakini Novemba 2022 kampuni kubwa ya kubadilishia sarafu za mtandao, iliyoitwa FTX, ilianguka kwa siku chache tu, na wateja wake wakafungiwa fedha zao. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miaka 25. Angalieni vizuri: aliweza kushitakiwa kwa sababu alikuwa na jina na kampuni. Yule wa kaka yangu hana.

Sababu ya pili ni kupanda na kushuka kwa thamani. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000 za Marekani. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Haya, tuseme mkulima wa Kishapu ameuza pamba yake yote na kulipwa kwa sarafu hiyo mwezi ule wa kwanza. Baada ya mwaka angebaki na chini ya robo ya jasho lake, bila mvua kukosekana wala wadudu kuingia shambani. Kweli, aliyenunua wakati wa bei ya chini na kungoja alipata faida kubwa. Lakini fedha ya sokoni si mchezo wa bahati. Muuza duka hawezi kubandika bei asubuhi na kuibandua adhuhuri.

Sababu ya tatu ni kipimo cha fedha. Sisi watu wa Shinyanga twajua kazi ya lambo. Mvua ikizidi, maji huhifadhiwa. Kiangazi kikija, hutolewa kidogo kidogo ili mifugo isife. Benki Kuu hufanya hivyo hivyo kwa fedha. Tangu Januari 2024 hufanya kazi hiyo kwa kutangaza riba yake: fedha zikiwa nyingi mno na bei zikapanda, riba huongezwa ili watu wakope kidogo, biashara zikilala, hupunguzwa. Kama watu wote wangehama na kutumia sarafu ambayo kiasi chake kilipangwa mwaka 2009 na mtu asiyejulikana, lambo lingekuwapo lakini hapana mkono wa kulifungua.

Sababu ya nne ni kodi na mipaka. Madawati ya shule hii, dawa za zahanati na mishahara ya walimu wetu hutoka katika kodi. Benki hutoa hesabu na kampuni za simu hutoa hesabu, kwa hiyo mkusanya kodi aweza kuuliza. Lakini sarafu ya mtandao yaweza kutoka Kahama na kufika nchi ya mbali kwa dakika chache, bila kupita benki, forodha wala mpaka. Ndiyo maana Benki Kuu, ilipotoa tangazo lake Novemba 2019, haikusema tu kwamba sarafu hizo si fedha halali. Ilisema pia kwamba kuzifanyia biashara na kuzitangaza ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni.

Sababu ya tano ni uhalifu. Daftari la Bitcoin laweza kusomwa na kila mtu, lakini mahali pa majina pana namba ndefu tu. Mei 2021 wahalifu walizifunga kompyuta za kampuni moja ya bomba la mafuta nchini Marekani, Colonial Pipeline, wakadai fidia, wakalipwa kwa Bitcoin yenye thamani ya dola milioni 4 na zaidi. Hata hivyo polisi wa Marekani waliifuata njia ya fedha hizo katika daftari lile lile na kurudisha sehemu yake kubwa. Basi daftari lilimficha mwizi, kisha likamfichua. Nchi yenye wataalamu yaweza kufanya hivyo. Nchi isiyo nao itabaki kutazama namba.

Nimekwisha taja sababu tano, na kama ningekuwa mdahaloni ningeketi hapo na kungoja makofi. Lakini siwezi kuketi kabla ya kusema neno la upande wa pili.

Serikali nazo zaweza kuwa kiranja mdanganyifu. Zimbabwe ilichapisha fedha bila kipimo, hata mwanzoni mwa mwaka 2009 ikatoa noti ya dola trilioni mia moja, nayo haikuwa na thamani ya kujivunia. Noti ile ilikuwa na saini pia! Hapa kwetu katika miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 30 hivi kila mwaka, na babu hutusimulia jinsi akiba ya mtu ilivyoyeyuka ndani ya sanduku, na jinsi walivyopanga foleni wakitafuta sabuni. Mtu aliyepatwa na hayo akisikia kwamba kuna fedha ambayo hapana mtawala awezaye kuichapisha ovyo, hatuwezi kumwita mjinga. Tena serikali hupenda kujua nani amempa nani fedha, na si kila serikali huutumia ujuzi huo kwa wema. Basi shaka nyingine ya serikali ni ya haki, ya kumlinda raia. Na nyingine, tuseme kweli, ni ya mtu asiyependa kunyang'anywa funguo za ghala.

Hapa ndipo lilipokuja swali lililonisumbua kuliko yote. Aliniuliza kijana mwenzangu wa bweni, mtoto wa Geita. Alisema, "Wewe wasema Serikali huogopa fedha isiyo na saini. Mbona dhahabu haina saini? Haikutengenezwa na Gavana. Bei yake huamuliwa nje. Huvushwa mpaka ndani ya soksi. Na bado Serikali yainunua!"

Nilikaa na swali hilo siku tatu. Kisha nikaona kwamba jibu liko nyumbani kwake mwenyewe.

Dhahabu nayo ilikuwa ikionewa shaka. Kwa miaka mingi wachimbaji wadogo waliuza usiku, kwa mtu wasiyemjua vizuri, kwa mizani wasiyoiamini, na dhahabu nyingi ilipita njia za panya ikaenda nchi nyingine. Serikali ilikosa kodi yake, na mchimbaji alipunjwa. Ilijaribu ukali, na ukali haukutosha, kwa kuwa gramu kumi za dhahabu hufichika kirahisi kuliko yai. Januari 2019 Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam akawasikiliza. Baadaye mwaka huo Bunge liliwaondolea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ukabaki mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, pamoja na ushuru mdogo wa halmashauri. Tarehe 17 Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua soko la dhahabu la Geita, na masoko mengine yakafuata, pamoja na la Kahama. Sasa mchimbaji huingia mchana, dhahabu hupimwa mbele ya ofisa wa madini, bei ya dunia hutangazwa, mnunuzi ana leseni, na muuzaji hutoka na karatasi mkononi. Tangu Oktoba 2024 sheria yawataka wachimbaji na wafanyabiashara wakubwa watenge angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya Benki Kuu, iwe akiba ya taifa.

Tazameni, wasomaji. Dhahabu yenyewe haikubadilika hata chembe. Ni ile ile, haina saini. Kilichobadilika ni soko lililojengwa kuizunguka. Serikali iliweka mizani, leseni, ofisa na karatasi, na kwa kufanya hivyo maswali matatu ya askari yakapata majibu. Hapo shaka ikapungua.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ambayo sarafu za mtandao nazo zimeanza kuipita. Tangazo la Novemba 2019 lilikuwa la kukataza. Tarehe 13 Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akifungua jengo la Benki Kuu Mwanza, aliiambia Benki ijiandae kwa mabadiliko hayo ili isije ikashtukizwa. Januari 2023 Benki ilieleza kwamba inachunguza uwezekano wa kutoa shilingi ya kidijitali yenye saini yake yenyewe, kwa uangalifu na hatua kwa hatua. Na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Mwalimu wetu wa Biashara alitutania kwamba Serikali haikitambui kitu kuwa fedha lakini yakitambua kuwa kodi. Tulicheka, lakini kutoza kodi ni kukubali kwamba kitu kipo, kama vile mrabaha ni kukubali kwamba duara lipo.

Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele zaidi. Mwaka 2015 benki kuu yao iliwaonya wananchi kuhusu Bitcoin. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoa huduma za mali hizo. China ilishika njia nyingine, ikaharamisha biashara yote ya sarafu hizo Septemba 2021. Mwezi huo huo El Salvador ilifanya kinyume kabisa, ikaifanya Bitcoin kuwa fedha halali. Lakini Januari 2025 ililegeza sheria hiyo, mwenye duka asilazimishwe kuipokea. Jamhuri ya Afrika ya Kati iliifuata El Salvador mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikarudi nyuma. Waliokimbia kwenda mbele walirudi, na waliokuwa wamesimama wameanza kutembea. Mwenda pole hajikwai.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, kama mdahalo ule ungerudiwa kesho, nisingesema kwamba fedha hizo ni za wezi, wala nisingesema kwamba Serikali ni mwoga. Ningesema kwamba daftari bila kiranja lahitaji soko lenye mizani, na kwamba mpaka soko hilo litakapojengwa, anayeingia peke yake gizani ajue kwamba hapana atakayemjibu akipotea. Na Serikali nayo isichelewe kulijenga. Vijana wa Geita na Kahama hawangoji. Kaka yangu hakungoja.

Kwa wazazi wanaosoma gazeti hili nina ombi moja. Siku kijana wenu atakapowaambia kwamba hela imetaga, msimkemee, kwa maana akikemewa atafanya kwa siri. Muulizeni maswali yale matatu: Umempa nani? Ofisi yake iko wapi? Leseni yake ameipata kwa nani? Akikosa jibu la moja tu, mwambieni anunue ng'ombe.

Dada yetu aliingia chuoni mwaka 2024. Baba aliuza mafahali wawili wa plau, na mwaka ule tulilima kwa jembe la mkono. Kaka huiuza dhahabu yake sokoni sasa, na karatasi zote huziweka katika kopo la chai lililo juu ya kabati la mama. Nilipokuwa nyumbani likizo iliyopita nilizihesabu, zilikuwa 19. Fedha ya mafahali haijatimia bado, lakini fahali mmoja amekwisha kurudi zizini.